Nitaijuaje rangi ya chumba kabla fundi hajaanza?

SWALI: Assalaam aleikum. Mie nipo Wete. Binti yangu anaolewa Mfunguo Pili inshaallah, na fungate watakaa hapa kwetu, katika chumba cha futi 10 kwa 12, kuta zake futi 9 kwenda juu. Dirisha ni moja tu, limeelekea kaskazini, na nje yake pana mwembe mkubwa. Ndani pana samadari jeusi la bibi yake. Fundi kaniletea kadi ya rangi nichague, na anataka pesa ya ndoo ya lita 20. Roho yangu ipo kwenye rangi tatu: samawati, kijani cha jani changa la mgomba, na waridi hafifu. Lakini naogopa. Wifi yangu alichagua manjano kwenye kadi hiyo hiyo akapaka ukumbi wake, na sasa mgeni akiingia hukunja uso. Nipake viraka ukutani nione? Na wewe ungechukua ipi?
Mama Harusi, Wete

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, na hongera. Pesa ya ndoo usitoe kwanza.

Lililomkuta wifi yako nimeliona katika nyumba nyingi, Ng'ambo na Mji Mkongwe. Kile kipande cha kwenye kadi ni kidogo kuliko kiganja na kimezungukwa na weupe, kwa hiyo huonekana kimetulia. Ukishapaka kuta nne, kila ukuta unaurushia mwenzake mwanga wenye rangi ile ile, na rangi inakolea. Manjano ndiyo yenye vishindo zaidi kwa jambo hili. Mteja akinionyesha rangi aipendayo kwenye kadi, mie humwambia ajaribu na ile iliyo nyepesi kuliko hiyo kwa hatua moja.

Viraka ukutani sivipendi. Jicho lako litakuwa linaona na rangi ya zamani iliyokizunguka kiraka, na kingo zake zikikauka hufanya tuta ambalo huja kuonekana hata chini ya rangi mpya, hasa ukitumia yenye kung'aa. Tafuta vipande vya silingi bodi, au karatasi nene ya manila, kila kimoja kama futi 2 kwa 2. Nunua kopo dogo kabisa la kila rangi. Piga rangi nyeupe ya chini kwanza, kisha mikono miwili ya rangi yenyewe, yaani uipake mara mbili, na pembeni uache ukingo mweupe. Usihukumu ikiwa mbichi. Rangi ya maji ikikauka huwa imeiva kidogo kuliko ulivyoiona kwenye brashi, na masika hukawia kukauka, basi iache ilale mpaka kesho yake.

Sasa ubao huo utembeze. Uweke mkabala na dirisha, uweke nyuma ya mlango, uweke nyuma ya samadari. Usisahau ukuta wenye dirisha lenyewe: watu huuruka, na ndio wenye kiza kuliko yote kwa sababu mwanga wa nje hauupigi. Kila ubao utazame peke yake, maana ukiziweka tatu pamoja zitaharibiana. Tazama saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na tena usiku taa imewashwa. Siku ya wingu tazama, na siku ya jua tazama.

Chumba chako kina mambo mawili ambayo kadi haiyajui. La kwanza ni dirisha. Pemba ipo kama digrii 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo tangu Machi hadi mwanzo wa Oktoba jua la mchana huinamia kaskazini, upande wako. Wakati wa kaskazi jua huhamia kusini na chumba kinapoa macho. La pili ni mwembe. Mwanga unaopita kwenye majani unaingia ndani na ukijani wake, na hata ukuta mweupe utaupokea.

Ndiyo maana kijani ningekiondoa mwanzo, mwembe umeshakupa. Samawati ni nzuri mchana, lakini chumba cha fungate kinakaliwa sana usiku. Soma boksi la globu: ikiwa imeandikwa 3000K, taa ina umanjano, na samawati itafifia chini yake. Ikiwa 6500K, mwanga ni mweupe wa baridi, na waridi ndiyo itakayokosa uhai. Mie ningechukua waridi, ile nyepesi zaidi ya hiyo uliyoipenda, nikafunga globu ya 3000K. Waridi ikiwa nyuma yake, samadari jeusi litasimama vizuri sana. Lakini ubao wa waridi ukionekana wa matope saa saba mchana kwa sababu ya mwembe, nenda samawati na ubadilishe globu.

Na bibi harusi mwenyewe ameulizwa? Mwite aone mbao zote tatu kabla hamjanunua pazia.

Kama kuta ni za mawe na chokaa, kama zilivyo nyumba za Mji Mkongwe, haya ya rangi ya maji yaache kabisa. Ukuta ule unapumua unyevu, na rangi hiyo ya plastiki itaufunga mpaka ibambuke. Hapo tumia chokaa yenye rangi, na majaribio yake ni kinyume: ikiwa mbichi inatisha kwa kukolea, ikikauka inakuwa nyepesi mno.

Kuhusu ndoo, kuta zako ni kama mita 37 za mraba. Lita moja hupaka kama mita 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta uliokwisha pigwa rangi ya chini, kwa hiyo mikono miwili ni lita 7 na kidogo. Makopo mawili ya lita 4 yanatosha. Yanunue siku moja, yawe na namba ile ile ya kutengenezwa, na mwambie fundi ayamimine pamoja kwenye ndoo tupu na kuyakoroga kabla hajachovya brashi.