Madogo wa tarumbeta, pumzisheni mdomo kwanza

Juzi dogo mmoja kanifuata inboksi, "bro nifanyeje nifike noti za juu fasta", nikacheka peke yangu ndani ya daladala hadi konda akanigeukia, maana hilo hilo swali mi nilimuuliza mwalimu wangu wa kwanza nikiwa na miaka 12. Jibu lake? Akanipokonya tarumbeta akaniachia mausipisi tu, kile kidude cha kupulizia. Mwezi mzima! Natembea nayo mtaani nalia kama bata, wenzangu wananicheka.

Nimekulia Temeke, kwenye usharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri, wenye kundi la matarumbeta, wale wanaopiga nyimbo za ibada kwa sauti nne, ni desturi iliyokuja na wamisionari wa Kijerumani. Shida ilikuwa nyumbani sasa. Nyumba ya kupanga, ukuta mmoja watu wawili, nikipuliza tu mama wa chumba cha pili anagonga. Nikawa nachukua kanga ya mama naisokomeza kwenye ule mdomo mpana wa mbele, afu nageukia nguo zilizotundikwa nyuma ya mlango napuliza taratiiibu. Sikujua kama nafanya zoezi la maana, kumbe kupuliza kwa sauti ya chini bila noti kukatika ni kugumu kuliko kupiga kelele. Wewe mwenye majirani wakali usilalamike sana.

Baadae nikaingia kwenye matarumbeta ya harusi. Kuna watu wanayadharau, mi siwezi, yamenilipia kodi miaka kibao. Ila ndo yaliyoniumiza. Jumamosi moja tulipiga harusi tatu, tumepanda nyuma ya kirikuu kutoka saluni Kinondoni mpaka ukumbini, vumbi, moshi, ngoma inadundwa pembeni ya sikio, na mi nataka nisikike juu ya vyote hivo. Mdomo ukichoka unafanyaje? Unakandamiza mausipisi mdomo ukabanwa kwenye meno, noti inatoka, unajiona fundi. Harusi ya tatu mdomo umevimba, kwa ndani alama za meno zinaonekana kabisa. Jumapili kanisani nikapuliza ikatoka hewa tupu, fuuu, watu wa benchi la mbele wakaangaliana. Wiki mbili sikushika kitu.

Sikiliza basi, sauti ya tarumbeta inaanzia kwenye midomo yako inayotetemeka, bomba linaikuza tu. Ukiibana damu haipiti, haitetemeki, na hapo hata uwe na mapafu ya ng'ombe hupati kitu. Kwahiyo ukipiga dakika moja pumzika dakika moja, tena pumzika kweli, usishike simu ukasahau ukapitiliza saa nzima. Na kwenye harusi mgawane na mwenzako, huyu anapiga melodi yule anakaa kimya.

Na advansi uchukue kabla hujapanda gari. Hilo nililijua baada ya bwana mmoja wa kamati kuzima simu saa sita usiku, tukarudi kwa miguu na vyombo vyetu.

Dansi ndo likanimalizia shule. Wapulizaji wa Msondo, bendi kongwe ya dansi, tangu inaitwa NUTA Jazz mwaka 1964, na wa bendi ya Sikinde iliyoanza 1978, ukiwasikiliza vizuri utaona muda mwingi hawapigi! Mwimbaji anaimba beti nzima wao wamesimama, tarumbeta imelala kwapani, afu wanaingia kwa pamoja kama mlango umefunguliwa. Mi siku ya kwanza mazoezini nilikuwa najaza kila nafasi, mzee wa bendi akasimamisha gitaa akaniambia, "Dogo, hapo tumekuachia uhesabu mapigo kimya." Niliona aibu we acha tu.

Na ujiandae na kii, yaani ile noti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati, C yako kwa mpiga gitaa ni B flati, kwahiyo gita likiwa G wewe uko A, likienda E wewe uko F shapu, shapu sita hizo. Wapiga gitaa wanaipenda E, hawakuonei huruma. Fanya skeli zote, zile ngazi za noti za kila kii, nyumbani, hata zile mbaya.

Chombo kama huna usikate tamaa. Hugh Masekela, yule mpiga tarumbeta maarufu, alipata tarumbeta yake ya kwanza kupitia padri wa shule, Trevor Huddleston, kule Afrika Kusini, na 1956 Louis Armstrong, gwiji wa tarumbeta wa jazz, akamtumia yeye na wenzake wa bendi nyingine kutoka Marekani. Huyo huyo Huddleston 1960 akaja kwetu kuwa askofu wa Masasi, wengi hawajui. Mi yangu ya kwanza ilikuwa ya kanisa, pistoni ya pili, kile kitufe cha kubonyeza, inakwama, nikaitia mafuta ya alizeti ya mama ikaganda kabisa, nikachapwa.

Yule dogo nilimjibu anitumie sauti akishikilia noti moja ya katikati, sekunde ishirini bila kuyumba. Mpaka leo tiki mbili za bluu, kimya.