Nguzo nyembamba katika nchi ya matetemeko

Swali: Ninasomea usanifu majengo. Katika picha za majengo mapya ya Japani ninaona vioo vitupu na nguzo nyembamba kama fito, ilhali nchi ile hutetemeka mara kwa mara. Majengo hayo yanasimamaje?

Jibu: Ndugu msomaji, wepesi huo hupatikana kwa kugawa kazi. Nguzo ya kawaida hubeba uzito wa paa na papo hapo huzuia jengo lisiyumbe, ndiyo sababu huwa nene. Karakana ya wanafunzi katika Taasisi ya Teknolojia ya Kanagawa, iliyosanifiwa na Junya Ishigami na kukamilika mwaka 2008, ina nguzo 305, lakini zinazobeba paa ni 42 tu. Zile 263 zilizobaki hukabili msukumo wa pembeni wa tetemeko na upepo.

Nguzo hizo 263 ni bapa, na baadhi zina unene wa takriban milimita 16. Simamisha rula ya plastiki mezani uikandamize kwa kiganja: itabenuka mara moja. Ishike ncha zote mbili uivute: haibenuki. Kwa hiyo mafundi walizining'iniza kwenye boriti za paa, wakalitwika paa mzigo unaolingana na theluji ya msimu wa baridi, ndipo wakazifunga chini na kuuondoa mzigo ule, paa likainuka kidogo na kuzivuta, ili theluji halisi itakapoanguka isizikandamize. Ubunifu huu mimi nauheshimu sana, ingawa mgeni anayepita humo hauoni. Tena, kwa kuwa bapa ni imara kwa upande wa upana wake na dhaifu kwa upande wa unene, zimeelekezwa pande mbalimbali. Msitu ule wa nguzo unaodhania umetawanywa kiholela umepigiwa hesabu nguzo kwa nguzo.

Uzito mdogo nao husaidia, maana nguvu ya tetemeko katika jengo huongezeka kadiri uzito wake unavyoongezeka.

Jengo la Sendai Mediatheque, kituo cha utamaduni chenye maktaba katika mji wa Sendai, lililosanifiwa na Toyo Ito na kufunguliwa mwaka 2001, lina ghorofa saba zilizopenywa na minara 13 ya mabomba ya chuma iliyo wazi katikati, ambamo hupita mwanga, lifti na ngazi. Mhandisi Mutsuro Sasaki aliipa minara minne ya pembeni, iliyo minene zaidi, kazi kubwa ya kuzuia kuyumba. Tetemeko la Machi 2011 halikuliangusha, ila dari iliyoning'inizwa katika ghorofa ya juu iliharibika. Kwa hiyo katika michoro yako, vipigie hesabu pia vitu vinavyoning'inia.