Mtoto akiganda kwenye picha ya ajabu, mpe penseli

Wazazi, na nyie vijana mnaopenda kuchora, kuna kitu nakiamini sana na leo nakiandika. Kama kuna picha iliwahi kukugandisha utotoni, ukaikodolea macho mpaka ukaitwa mara tatu hujasikia, usiipotezee, ifuatilie mpaka ujue imetengenezwaje. Kazi ninayofanya hapa Mbeya, mabango na kuta za saluni na maduka kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, imeanzia kwenye kava moja tu la santuri.

Mjomba wangu alikuwa anafanya kazi TAZARA, na akitoka upande wa Kapiri Mposhi alikuwa harudi mikono mitupu, analeta vitenge vya mama na santuri zake, maana Zambia miaka ya sabini walikuwa na roki lao wenyewe, magitaa yanakwaruza hatari. Sasa katikati ya zile santuri kulikuwa na ya Osibisa, ile ya kwanza ya 1971, hawa ni Waghana na watu wa Karibiani waliounda bendi yao London. Kwenye kava kuna tembo wana mabawa ya mdudu. Tembo, mzito vile, anaruka! Nikawa napitisha kidole kwenye bawa taratibu, kona za kava zimeshalika, mama anauliza tembo gani sasa huyu, mjomba akamwambia dada, muache mtoto aangalie. Halafu akanipa penseli na fomu za kazini zilizotumika upande mmoja. Hakunielezea chochote. Mpaka leo namshukuru kwa hilo, yaani angenipa maelezo pale nahisi ningeridhika nikaenda zangu kucheza.

Ukubwani intaneti ilipofika ndio nikajua aliyechora ni Mwingereza Roger Dean, na kwamba ile ni sanaa ya saikedeliki, rangi kali, maumbo yanayoyeyuka, vitu vya ndotoni. Nikafuatilia nyuma zaidi nikakutana na mabango ya matamasha ya San Francisco, 1966 na 1967, na hapo kuna mtu anaitwa Victor Moscoso ambaye kila anayeandika mabango nchi hii angepaswa kumjua. Huyu alisoma Yale, chuo kikuu cha Marekani, mwalimu wake wa rangi alikuwa Josef Albers. Shule walimfundisha asiweke rangi zinazogombana pamoja, yeye akaziweka makusudi. Chukua nyekundu na kijani, au bluu na rangi ya chungwa, ziwe na mwanga sawa, zipake zigusane bila mstari katikati. Pale zinapokutana jicho halitulii, panacheza. Kujua kama umepatia piga picha kwa simu kisha ibadili iwe nyeusi na nyeupe, zile rangi mbili zikitoka kijivu kimoja basi umemaliza kazi, moja ikiwa nyeusi zaidi ongeza nyeupe kidogo kidogo. Hii naifanya kila wiki.

Ila angalizo kwa mafundi wenzangu. Wale wa San Francisco, Wes Wilson hasa, walikuwa wanavimbisha herufi mpaka zinajaza nafasi yote, mtu inabidi asimame azisome pole pole, na walitaka hivyo. Mteja wako wa Kabwe hapa Mbeya yuko ndani ya daladala, ana sekunde mbili. Kwa hiyo mchezo wa rangi upeleke kwenye ukuta na pembeni, jina la duka liache lisomeke.

Na kuna vijana wananiambia bro, bila bangi michoro hii haiji. Hapana jamani. Ni kweli madawa yalikuwepo sana kwenye zama zile, hilo halifichiki, lakini ile mbinu ya rangi ya Moscoso chanzo chake ni darasani, na mimi naipata kwa kukaa na kopo la rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ile inayouzwa hadiwea, kwenye plaiwudi. Edward Saidi Tingatinga pale Oysterbay mwishoni mwa miaka ya sitini alianza na rangi za namna hiyo hiyo na dunia nzima ikamjua.

Basi mzazi, usikimbilie boksi la rangi ishirini na nne. Nunua nyekundu, bluu, njano na nyeupe, mtoto achanganye mwenyewe, achafue meza. Muache anakili picha moja aliyoipenda hata mwezi mzima, usimwambie achore kingine, kila akirudia jicho linaona kitu lililokiruka jana. Akikuletea mchoro usimuulize "hii nini?", watoto wengi hapo ndio huwa wanaanza kuficha madaftari. Muulize "hapa ulifanyaje?" kisha kaa chini umsikilize, maana atakueleza kirefu kweli.