Nanofedha kwenye tangi la vifaranga: jaribu kwanza kwa Dafnia

Ndugu wa Kisumu aliyeuliza kama kofia moja ya chupa ya nanofedha (maji yenye chembe ndogo mno za madini ya fedha; chupa imeandikwa 20 ppm) itaua ukungu wa mayai ya ngege (samaki aina ya tilapia) bila kudhuru vifaranga: usimwage bado, jaribu kwanza kwa Dafnia.

20 ppm ni miligramu 20 kwa lita. Mililita 1 kwenye ndoo ya lita 20 ni maikrogramu 1 kwa lita. Kofia ya mililita 5 ni maikrogramu 5 kwa lita. Zinaonekana chache, lakini Dafnia, wale wadudu wadogo wanaorukaruka majini, wanaweza kulemaa kwa maikrogramu chache hadi makumi kwa lita. Chembe hutoa ioni za fedha (fedha iliyoyeyuka, yenye chaji ya umeme), nazo huzima pampu ya sodiamu kwenye matamvua, samaki akapoteza chumvi mwilini. Maji ya Ziwa Viktoria yana kloridi kidogo ya kuzishika ioni hizo, kwa hiyo matokeo ya maji ya magadi kama ya Ziwa Nakuru usiyategemee.

Chukua Dafnia wenye umri usiozidi saa 24, watano kwa kila kikombe cha plastiki chenye mililita 10 au zaidi, vikombe vinne kwa kila kipimo cha fedha: maikrogramu 0, 1, 3.2, 10, 32 na 100 kwa lita. Kioo hunasa fedha, ndiyo sababu ya plastiki. Usiwalishe. Weka kwa nyuzi 18 hadi 22, gizani, kwa saa 48, kisha tikisa taratibu: asiyeogelea ndani ya sekunde 15 hesabu amelemaa. Kwenye kipimo 0 wakilemaa zaidi ya asilimia 10, rudia jaribio lote.

Hapa ndipo wengi hupotea: wanaondoa klorini ya maji ya mfereji kwa sodiamu thayosulfeti. Dawa hiyo hushika fedha kwa nguvu, na sumu ikaonekana haipo. Pitishia hewa usiku kucha badala yake, au tumia maji yaleyale ya tangi lako. Pia weka safu nyingine ya vikombe yenye nitrati ya fedha, chumvi inayotoa ioni bila chembe (miligramu 1.57 ina fedha miligramu 1), ujue kama kinachoua ni ioni au chembe. Ukiona tope chini ya kikombe, chembe zimegandana, na kipimo ulichoandika sicho walichokipata.

Hata Dafnia wakipona, kama maji yako yanazunguka, fedha huua bakteria wa kichujio wanaoondoa amonia na nitriti. Sumu hizo mbili hupanda baadaye, vifaranga wakaanza kuhema juu ya maji. Pima zote mbili kila siku.

Kwa ukungu wenyewe, toa kila siku mayai yaliyogeuka meupe na uongeze mtiririko kwenye mitungi ya kuangulia.