Vitambaa chini ya godoro

SWALI: Ustawi wa Jamii walinikabidhi binti wa miaka 13 kutoka makao ya watoto, huu mwezi wa tatu. Juzi nageuza godoro nikakuta vitambaa vyenye damu, vimekunjwa vidogo vidogo. Sijamwambia kitu. Nianzie wapi?
Mama mlezi, Morogoro

JIBU: Mama, anzia bafuni, mazungumzo yatafuata. Mtoto aliyehamishwa-hamishwa haombi. Anaona akiomba atakuwa mzigo, na mzigo hurudishwa ulikotoka. Weka pakiti mbili za pedi na chupi za akiba mahali anapofika bila ruhusa. Zikipungua jaza, wala usizihesabu mbele yake. Kisha siku mnachambua mchicha, kila mtu macho kwenye ungo, mwambie: "Pedi za kabatini ni zako. Nikuonyeshe zinavyobandikwa?" Wengi hawajaonyeshwa: gundi hushika chupi, mabawa hukunjwa kwa chini, na hubadilishwa kila saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa.

Akipenda vitambaa, sawa. Aviloweke kwa maji baridi (ya moto hugandisha doa), avifue kwa sabuni, avianike juani vikauke kabisa. Vinavyofichwa vibichi huota ukungu, na muwasho huanzia hapo.

Miaka miwili ya mwanzo hedhi huweza kupishana tarehe. Ikijaza pedi kila saa, au ikipita siku 7, mpeleke hospitali.

Mwombe afisa anayeshika jalada lake kadi ya chanjo. Chanjo ya HPV, kinga ya saratani ya mlango wa kizazi, ni bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Huchomwa sana shuleni, hivyo anayehama shule huikosa kirahisi. Wako ana 13, umri huo unakaribia kumpita.

Na viungo viitwe majina yake: uke, matiti, uume. "Huko chini" hakumsaidii siku atakapoulizwa aliguswa wapi. Akikwambia aliguswa, usimhoji wala usimwahidi siri. Kama ni juzi au jana, asioge kwanza. Nguo zitiwe mfuko wa karatasi, maana nailoni hufuga unyevu na kuharibu ushahidi. Mfikishe hospitali au Kituo cha Mkono kwa Mkono (huhudumia waliofanyiwa ukatili) kabla ya saa 72 kwisha, mapema iwezekanavyo: dawa za kuzuia VVU hazianzishwi baada ya hapo, nazo humezwa siku 28. Simu 116, ya msaada kwa mtoto, ni bure.

SWALI: Mtoto wa kiume wa kaka yangu, miaka 14, amehamia kwangu na anafua shuka usiku kwa kujificha. Nimuulize?
Shangazi yake, Tanga

JIBU: Doa dogo linalokakamaa likikauka ni ndoto nyevu (kutokwa shahawa usingizini), mpe shuka la pili na sabuni yake, inatosha. Shuka likilowa lote na kunuka mkojo, hasa kama alikwishaacha kukojoa kitandani, mpeleke zahanati apimwe mkojo na sukari. Hofu ya kuhamia nyumba mpya nayo huleta hali hiyo.