Kuvu Ukutani: Usinunue Rangi Kabla ya Kujua Maji Yanatoka Wapi

Ukuta mmoja nimeupaka rangi mara tatu ndani ya miaka miwili. Mara ya mwisho nilinunua ile ya bei ghali ambayo muuza hadwea aliapa kwamba kuvu haitaigusa. Kufika Julai madoa meusi yalikuwa yamerudi nyuma ya kabati, na shati langu la kanisani limeota vidoa vya kijani kwenye kola.

Naishi Zimmerman, mtaa wa Nairobi, chumba kimoja, ghorofa ya kwanza. Ploti ya jirani iko karibu mno. Ukinyoosha ufagio dirishani unagonga ukuta wao. Lawama zote nilimtupia mwenye nyumba: bomba linavuja, simiti ilipunjwa, na kadhalika. Hadi siku fundi mmoja mzee aliyekuja kuzibua sinki aliponifundisha kipimo kisichogharimu kitu. Pangusa sehemu ya ukuta ikauke, bandika kipande cha nailoni ukubwa wa daftari, uzibe pande zote nne kwa seloteipu. Kiache siku mbili. Matone yakikaa upande wa chumba, maji ni ya hewa ya ndani. Yakikaa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani.

Yangu yalikuwa upande wa chumba. Aibu iliyoje!

Nikaanza kujichunguza. Githeri, yaani mahindi na maharagwe, inachemka muda wa saa tatu, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi. Nguo zimeanikwa juu ya kitanda kwa sababu ya manyunyu. Naoga maji moto, mlango wa bafu uko wazi. Mvuke wote huo hutua penye baridi, na kwangu penye baridi kuliko pote ni ukuta wa nje nyuma ya kabati, ambako hewa haipiti. Tena ukuta wenyewe unatazama kusini. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, na hata lile kidogo linalochungulia mawinguni haliufikii.

Kusafisha si kazi kubwa, ila kuna makosa ya kuepuka. Usisugue kuvu ikiwa kavu, maana vumbi lake ndilo mbegu zake, ilowanishe kwanza. Fungua dirisha, vaa glavu na barakoa, na mwenye pumu atoke kabisa. Osha kwa sabuni ya unga na brashi, kisha paka jik (ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe) iliyozimuliwa, kikombe kimoja kwa lita 4 za maji. Ngoja dakika 10, suuza, kausha kabisa. Jik usiichanganye na siki wala dawa ya choo. Mimi nilijaribu siku moja bafuni nikatoka mbio nikikohoa, macho yanatiririka. Gesi ile ni sumu. Na plasta ikimong'onyoka ukiikwaruza kwa ukucha, hiyo haioshwi. Ikwanguliwe ipigwe upya.

Siku hizi kabati limesogea upana wa kiganja kutoka ukutani. Mahindi na maharagwe nayaloweka usiku kucha yaive upesi, sufuria ina kifuniko, na dirisha hufunguliwa robo saa asubuhi na jioni, baridi iwe baridi. Kuna aliyenishauri niwashe jiko la makaa ndani ukuta ukauke. Tafadhali usifanye hivyo. Moshi wa makaa usioonekana umeua watu usingizini.

Jirani yangu wa chini naye alibandika nailoni, yake ikalowa upande wa ukuta. Kwake rangi ilikuwa imebambuka kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, na juu yake unga mweupe aliodhani ni kuvu. Ile ni chumvi inayoachwa na maji yakikauka. Ukiiweka maji inayeyuka. Kumbe gata, mfereji wa maji ya paa, ilikuwa imepasuka nje ya chumba chake na kila mvua ilimwagikia msingi. Hapo mpangaji hana la kufungua wala kusogeza. Tulipiga picha mvua ikinyesha, tukamtumia keateka, msimamizi wa ploti, tukamkumbusha kila Jumatatu. Gata ilibadilishwa Septemba. Ukuta wake bado unakauka, na nimemwomba asiupake rangi kwanza.