Uliza Shangazi: "Siku nzima mnakaa tu"

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto watatu, niko Newala. Juzi mdogo wangu anayesoma chuo hapo Mtwara mjini alikuja likizo, tukawa uani tunabangua korosho, mume wangu akapita akasema nyie wanawake mna raha kweli, siku nzima mnakaa tu. Mdogo wangu akamjibu shemeji, kuna mama wa Kiingereza anaitwa Ann Oakley alishazihesabu saa za kazi za nyumbani. Mume wangu akacheka mpaka basi. Huyo mama ni nani na alihesabuje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na vidole, maana yale mafuta ya ganda la korosho nayajua, usipojipaka majivu unachubuka wiki nzima, halafu mtu anakuambia umekaa!

Ann Oakley ni mwanasosholojia, yaani msomi wa mambo ya jamii, mfeministi na mwandishi wa riwaya, kazaliwa Uingereza Januari 1944, mtoto pekee wa profesa Richard Titmuss. Huyo baba hakuwa mgeni kabisa kwetu, maana mwaka 1964 ilitoka ripoti kuhusu huduma za afya za Tanganyika na yeye ndo alikuwa kinara wa timu iliyoiandika. Binti akasoma Oxford, akaolewa 1964 bado yuko chuo, akamaliza, akazaa, akajikuta ndani na watoto wadogo na vyombo, degrii iko kwenye kabati. Kaandika mwenyewe jinsi kipindi kile kilivyomkaba. Ndo hapo akajiuliza, hivi hii ninayofanya kutwa nzima si kazi? Mbona wasomi wa sosholojia wanachunguza kazi za viwandani tu, hii yangu hata kurasa mbili haina?

Basi mwaka 1971 akawafuata akinamama 40 wa London, vijana wenye watoto wadogo, nusu wa familia za wafanyakazi wa kawaida na nusu wenye unafuu, akakaa nao mmoja mmoja akawauliza siku yako inaendaje, unapenda nini, unachukia nini. Kupika wengi walikupenda. Kupiga pasi ndo walikuchukia kuliko vyote (hapo mi nawaunga mkono). Saa zikaja wastani 77 kwa wiki! Yaani saa 11 kila siku, Jumapili imo. Aliyefanya kidogo zaidi alikuwa na 48, aliyezidi wote 105. Sasa mwambie mumeo taratibu, akiwa ameshakula, kwamba sheria yetu ya ajira inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, kwa hiyo hata yule wa chini kabisa kamzidi mwajiriwa.

Ila usiende kumpigia kelele kwamba na wewe ni 77, hapana. Hiyo ni London, bomba liko ndani na jiko unawasha kwa kuzungusha tu. Wewe na ndoo yako huko juu Newala ambako maji tunajua yalivyo, hesabu yako ni nyingine. Chukua kidaftari cha mtoto, andika wiki moja, saa uliyoamka, saa ya maji, kuni, chai, shamba, kubangua, kuogesha, mpaka unapofunga mlango. Usiongeze chumvi. Jirani yangu hapa Chikongola alijaribu, siku ya tatu akaacha akasema shangazi, hata muda wa kuandika sina.

Kitabu cha Oakley kuhusu utafiti huo, The Sociology of Housework, kilitoka 1974. Kati ya wale 40, 28 walisema kazi hiyo hawaridhiki nayo, na 30 walilalamika inajirudia mpaka inachosha akili, kuliko hata wafanyakazi wa viwandani wanaofunga nati ileile kutwa.

SWALI: Shangazi mi niko Lindi, na simwogopi mtu. Hao wanawake wa Ulaya ndo wanaowaharibu wake zetu. Mungu kaumba mwanaume na mwanamke, mambo ya jinsia yanatoka wapi?

JIBU: Kaka, salama lakini? Oakley hajakataa maumbile. Kwenye kitabu chake cha 1972, Sex, Gender and Society, kazi aliyofanya ni kutenganisha vitu viwili ambavyo Kiswahili leo tunaviita jinsi na jinsia, kwamba jinsi ni mwili uliozaliwa nao na jinsia ni majukumu ambayo watu wamekugawia kwa sababu ya huo mwili. Hebu angalia hapohapo ulipo. Kama babu yako ni Mmwera au Mmakonde, kwa mila mtoto alikuwa wa ukoo wa mama na mjomba ndo msemaji. Nenda kwa Wakurya kule Mara, mtoto ni wa ukoo wa baba. Miili ileile, utaratibu tofauti. Sasa hapo Mzungu kaingiaje? Na mwenyewe aliolewa akapata watoto watatu, kwa hiyo alikuwa anaongelea kitu anachokijua.

SWALI: Shikamoo shangazi. Nasoma maendeleo ya jamii Mtwara, mwezi ujao naenda kijijini na dodoso kwa wajawazito. Na pia naandika riwaya, ipo kwenye daftari chini ya godoro, naona aibu. Vitu viwili hivi vinaweza kukaa kwa mtu mmoja?

JIBU: Marahaba. Vinakaa. Oakley alianza na hadithi kabla ya utafiti, riwaya mbili za mwanzo zikakataliwa na wachapishaji, ndo akarudi chuo. Riwaya iliyompa jina, The Men's Room, imetoka 1988 akiwa na miaka 44, inahusu mapenzi ya wasomi wawili chuoni ambayo yanawavuruga, na 1991 BBC wakaifanya tamthilia. Nyingine akaitoa 1990 kwa jina la kujificha, Rosamund Clay. Kwa hiyo aibu hata yeye labda ilimgusa, nani ajuaye.

Ila kwenye dodoso ngoja nikuambie kitu. Alipokuwa anawahoji wanawake wanaotarajia mtoto wa kwanza, vitabu vya utafiti vilisema ukiulizwa swali kwepa, usijibu, utaharibu majibu. Wale mama walimuuliza maswali 878! Mwingine aliuliza hata mtoto anatokea tundu gani. Akaona ni ukatili kumwambia mtu mwenye hofu kama ile kwamba mi nauliza tu sijibu. Akawa anajibu, na 1981 akaandika waziwazi kwanini. Kwa hiyo na wewe mama akikukaribisha ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha, kwenye mkeka kaa ule, akikuuliza damu inayomtoka ni kawaida usiseme tuendelee na swali la 14, mwambie aende zahanati leoleo, ikibidi mtafutie bodaboda.

Na hiyo riwaya itoe chini ya godoro, panya wa Mtwara wanasoma kuliko sisi.